Kuiuliza Kanzidata: Namna ya Kuchagua Fankisheni Iletayo Majibu

Katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, yako mambo mawili ambayo huwalazimu watu kuandika namba kila siku na kuzihifadhi kwa miaka mingi.

La kwanza ni barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilometa 50 hivi, kabla ya kuufikia mji mdogo wa Mikumi, ambao umo wilayani Kilosa. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilometa za mraba 3,230. Wanyama huvuka barabara kufuata malisho na maji, na magari huwagonga. Mwaka 1995 mtaalamu Carlos Drews alichapisha utafiti wake juu ya wanyama wanaouawa na magari hapo Mikumi, akiwamo nyani; na mwaka uliofuata W. D. Newmark na wenzake walichapisha utafiti juu ya athari za barabara hiyo kwa wanyama wakubwa. Tafiti za namna hiyo haziwezekani bila ya mtu wa kuandika, siku baada ya siku: ni mnyama gani, amekutwa wapi na lini.

La pili ni mto. Mto Mkondoa hupokea maji kutoka upande wa Dodoma na katika milima ya Rubeho na Ukaguru, hupita kando ya mji wa Kilosa, na maji yake huishia katika Mto Wami na Bahari ya Hindi. Reli ya Kati imejengwa kufuata bonde hilo. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 zilipoufurisha mto huo, maelfu ya watu walipoteza makazi, na safari za treni zilikatika kwa kuwa maji yalibomoa njia. Anayetaka kuwaonya watu wa bondeni hana budi kuwa na vipimo vya kina cha maji, tena avisome kwa wakati.

Kuandika namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuziuliza. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyoulizwa kuhusu namba zilizohifadhiwa, na hasa namna ya kuchagua umbo la swali ambalo litatumiwa tena na tena. Majedwali tutakayoyatumia ni ya kufundishia tu. Hayakunakiliwa kutoka ofisi yoyote. Hata hivyo, mambo tutakayoyasema ni ya kweli kwa kanzidata yoyote iliyojengwa juu ya PostgreSQL, ambayo hutolewa bure na hutumiwa duniani kote. Hapa nchini mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ulioanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya, huhifadhi takwimu zake humo.

KANZIDATA NA SWALI

Kanzidata ni mkusanyo wa majedwali. Kila jedwali lina safu zenye majina, na mistari ambayo kila mmoja hueleza jambo moja lililotukia. Jedwali letu la kwanza tuliite «tukio». Safu zake ni tarehe, kilometa na mnyama. Mstari mmoja husema, kwa mfano, kwamba tarehe 14 Machi, katika kilometa ya 21 tangu mpaka wa mashariki wa hifadhi, amekutwa swala aliyegongwa. Jedwali la pili tuliite «kipimo». Safu zake ni kituo, saa na kina.

Msingi wa majedwali haya uliwekwa na E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970. Wazo lake kuu lilikuwa hili: mtu anayeuliza aseme anataka nini, wala asilazimike kusema mashine ipite njia gani ili kukipata. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo hiyo, Chamberlin na Boyce, walibuni lugha ya maswali iliyofuata wazo hilo, ambayo leo huitwa SQL.

Wazo hilo linaweza kufananishwa na masjala. Ofisa anayehitaji barua hamwambii karani, «Fungua kabati la tatu, shusha jalada la kwanza, soma, rudisha, shusha la pili». Humwambia, «Niletee barua zote za Kilosa za mwezi Machi». Karani anayeijua masjala yake huamua mwenyewe kama atapitia majalada yote au atatazama daftari la faharasa na kwenda moja kwa moja kwenye barua tatu zinazotakiwa. Ndani ya kanzidata imo sehemu ifanyayo kazi ya karani huyo. Hapa tutaiita mpanga-njia. Hupokea swali, hukadiria ugumu wa kila njia inayowezekana, kisha huchagua iliyo nyepesi.

FANKISHENI NI NINI

Swali linaloulizwa mara nyingi halifai kuandikwa upya kila mara. Ikiwa halibadiliki hata kidogo, huhifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali. Lakini maswali mengi hubadilika kidogo: leo ni kilometa ya 20 hadi ya 22, kesho ya 35 hadi ya 40. Hapo ndipo fankisheni inapofaa. Mwalimu wa hisabati atatambua wazo lenyewe: fankisheni hupokea vigezo na kutoa tokeo. Tofauti ni kwamba tokeo tunalolitaka hapa si namba moja, bali ni jedwali zima la majibu.

Fankisheni ya swali letu la kwanza inaweza kuandikwa hivi:

CREATE FUNCTION vifo_barabarani
  (km_a numeric, km_b numeric, tangu date, hadi date)
RETURNS TABLE (tarehe date, kilometa numeric, mnyama text)
LANGUAGE sql STABLE
AS $$
  SELECT t.tarehe, t.kilometa, t.mnyama
  FROM tukio t
  WHERE t.kilometa BETWEEN km_a AND km_b
  AND t.tarehe BETWEEN tangu AND hadi
$$;

Maneno ya herufi kubwa ni ya lugha ya SQL. Mengine tumeyachagua sisi. Mstari wa kwanza na wa pili hutaja jina na vigezo. Wa tatu hutaja umbo la majibu: safu tatu, na kila safu ina aina yake. Wa nne hutaja lugha iliyotumika na kutoa ahadi ambayo tutaieleza baadaye. Yaliyobaki ni swali lenyewe, nalo ni moja tu.

Mwanafunzi aangalie sana tangazo la umbo la majibu. Fankisheni ya SQL ikitangazwa kwamba hurudisha mstari mmoja badala ya jedwali, haitalalamika swali likipata mistari kumi na miwili. Itatoa mstari wa kwanza na kuiacha kumi na mmoja, bila ya kutoa onyo lolote. Anayesoma jibu ataamini kwamba mwezi mzima amekufa mnyama mmoja. Kosa linaloisimamisha mashine hugunduliwa siku hiyo hiyo, lakini kosa la kimya kama hili huweza kuingia katika taarifa ya mwaka.

LUGHA YA SWALI NA LUGHA YA HATUA

PostgreSQL huruhusu fankisheni hiyo hiyo kuandikwa kwa lugha nyingine iitwayo PL/pgSQL, iliyoingizwa mwaka 1998. Hii ni lugha ya hatua: ina «ikiwa», ina kurudia, ina vigeugeu vya kuhifadhia hesabu za katikati. Aliyejifunza programu kwa lugha nyingine yoyote hujiona yuko nyumbani, na kwa sababu hiyo huelekea kuandika kila kitu kwa hatua: chukua mstari, utazame, kama unafaa uongeze kwenye majibu, endelea na mwingine. Majibu yatakuwa sahihi. Tofauti iko katika kazi inayofanyika ili kuyapata.

Turudi masjalani. Fankisheni iliyoandikwa kwa swali moja la SQL ni kama agizo lililoandikwa kwenye karatasi iliyo wazi. Karani hulisoma, huliunganisha na agizo jingine alilopewa, kisha hupanga safari moja kwa yote mawili. Fankisheni ya hatua ni kama bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Karani hawezi kuona yaliyomo. Hana analoweza kufanya ila kuipeleka, kusubiri hadi kazi ya ndani imalizike, na kupokea rundo la karatasi litakalotoka.

Tuone matokeo yake kwa namba za kubuni. Tuseme jedwali la tukio lina mistari 40,000, na faharasa yake imepangwa kwa kilometa. Mtu mmoja ameandika fankisheni iletayo matukio yote, na mwingine anaitumia kwa kusema: nipe, kutoka katika majibu ya fankisheni hiyo, yale ya kilometa ya 21 tu. Ikiwa imeandikwa kwa SQL na masharti yametimizwa, mpanga-njia huifungua, huona sharti la kilometa, hutazama faharasa, na huenda moja kwa moja kwenye mistari michache inayotakiwa. Ikiwa imeandikwa kwa hatua, mistari yote 40,000 itasomwa na kuwekwa pamoja, kisha karibu yote itupwe. Jibu ni lile lile, lakini jasho la mashine ni tofauti kabisa.

Kuna hasara ya pili. Kwa kuwa mpanga-njia haoni ndani ya bahasha, hulazimika kukisia itatoa mistari mingapi. Asipoambiwa lolote, hukisia 1,000. Kama fankisheni hutoa mistari mitatu, au laki tatu, makisio hayo yatamfanya apange vibaya kazi nyingine zote zinazotegemea majibu hayo. Ndiyo maana mwandishi wa fankisheni ya hatua hupewa nafasi ya kutaja, kwa neno ROWS, idadi anayoitarajia. Ni busara kuitumia nafasi hiyo.

Hasara ya tatu inahusu kumbukumbu ya mashine. Fankisheni ya PL/pgSQL haitoi mstari hata mmoja hadi imemaliza yote. Hukusanya majibu kwanza, na yakizidi nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu, huyaandika kwenye diski. Kituo kinachopima kina cha mto kila saa kwa miaka 10 hupata vipimo 87,600. Mtu akiomba vitano vya kwanza tu kutoka katika fankisheni inayopitia vyote, atasubiri vyote 87,600 viandaliwe ndipo apewe vitano vyake.

HATUA ZINAPOHITAJIKA KWELI

Msomaji asidhani kwamba lugha ya hatua haina kazi. Mto wa Kilosa utatuonyesha mahali pake.

Tuseme tunataka orodha ya saa ambazo tahadhari ya mafuriko ilipaswa kuwa imewashwa. Njia rahisi ni kuweka alama moja: kina kikizidi alama hiyo, tahadhari, kikipungua, hakuna tahadhari. Lakini maji hupanda na kushuka kidogo kidogo. Mto ukicheza kuizunguka alama hiyo, tahadhari itawaka na kuzimika mara kadhaa usiku mmoja, na watu walioamshwa bure mara tatu hawataamka mara ya nne. Kwa hiyo huwekwa alama mbili. Tahadhari huwaka kina kinapofika alama ya juu, wala haizimwi mpaka kina kishuke chini ya alama ya chini. Kati ya alama hizo mbili jibu hutegemea yaliyotangulia: kina kile kile kinaweza kuwa cha tahadhari ikiwa mto unashuka, na kisiwe cha tahadhari ikiwa mto ndio kwanza unapanda. Fankisheni lazima ikumbuke hali iliyokuwapo:

CREATE FUNCTION hali_ya_mto
  (namba_ya_kituo integer, juu numeric, chini numeric,
   tangu timestamp, hadi timestamp)
RETURNS TABLE (saa timestamp, kina numeric, tahadhari boolean)
LANGUAGE plpgsql STABLE
AS $$
BEGIN
  tahadhari := false;
  FOR saa, kina IN
    SELECT p.saa, p.kina FROM kipimo p
    WHERE p.kituo = namba_ya_kituo
    AND p.saa BETWEEN tangu AND hadi
    ORDER BY p.saa
  LOOP
    IF kina >= juu THEN
      tahadhari := true;
    ELSIF kina < chini THEN
      tahadhari := false;
    END IF;
    RETURN NEXT;
  END LOOP;
END
$$;

Maneno RETURN NEXT huongeza mstari mmoja kwenye majibu. Mahali ambapo fankisheni ya hatua huamua kwanza jambo fulani, kama vile kuhakikisha kwamba kituo kilichotajwa kipo, kisha huuliza swali moja tu, hakuna haja ya kupita mstari kwa mstari: maneno RETURN QUERY, yaliyoongezwa mwaka 2008, huchukua majibu yote ya swali hilo kwa pamoja.

Tuangalie mambo matatu katika mfano huu. Kwanza, tarehe mbili za mipaka zimewekwa miongoni mwa vigezo. Kwa kuwa bahasha imefungwa, sharti lolote litakalowekwa nje yake halitapunguza kazi ya ndani. Basi masharti yanayopunguza kazi yaingizwe ndani tangu mwanzo. Hata hivyo fankisheni huanza kwa kudhani kwamba hakuna tahadhari. Kwa hiyo saa ya kuanzia ichaguliwe wakati mto ukiwa chini ya alama ya chini.

Pili, kila safu ya jedwali imetanguliwa na herufi p. Katika PL/pgSQL majina ya safu za majibu huwa pia majina ya vigeugeu, na mashine ikikuta jina «kina» peke yake ndani ya swali haitajua kama ni kina cha jedwali au ni kigeugeu. Itakataa kuendelea.

Tatu, kipimo kikikosekana na mahali pake pakaachwa wazi, kina hakitakuwa kikubwa wala kidogo kuliko alama yoyote. Hali itabaki kama ilivyokuwa. Tahadhari iliyowashwa haitazimika kwa sababu msoma kipimo hakuweza kufika mtoni. Hivi ndivyo tunavyotaka, lakini ni lazima mwandishi ajue kwamba amelitaka.

Tuongeze tahadhari nyingine. Kutaka kuutazama mstari uliotangulia si sababu tosha ya kukimbilia hatua. Tangu mwaka 2009 PostgreSQL imekuwa na njia, ndani ya lugha ya SQL yenyewe, ya kulinganisha mstari na wale walio jirani nao. Swali «maji yameongezeka kiasi gani tangu saa iliyopita» ni swali moja, na liandikwe kama swali moja. Hata swali la alama mbili fundi hodari anaweza kulilazimisha liwe moja; lakini maandishi yake yatakuwa magumu kuyasoma, na fankisheni ya tahadhari ni lazima isomeke na mtu atakayeirithi kazi hiyo.

KIPIMO CHA SENTENSI MOJA

Basi tutachaguaje? Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kipimo kifuatacho. Kabla ya kuandika fankisheni, andika swali lako kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, kisha itazame sentensi hiyo.

«Nipe tarehe, kilometa na jina la kila mnyama aliyegongwa kati ya kilometa ya 20 na ya 22 katika mwezi wa Machi.» Sentensi hii inataja kitu kinachotakiwa na sifa zake, basi. Haina mwendo ndani yake. Hii ni ya SQL.

«Soma vipimo kwa mfuatano wa saa, kina kikifika alama ya juu washa tahadhari, wala usiizime mpaka kina kishuke chini ya alama ya chini.» Hapa pana «wala usiizime mpaka»: jibu la saa hii limefungwa na hali ya saa iliyopita. Hii inaweza kuhitaji hatua.

Maneno ya kuyachunga ni «kisha», «mpaka», «la sivyo», «rudia». Yasipokuwapo, hatua hazina kazi. Yakiwapo, jaribu kwanza kuyaondoa kwa kuibadili sentensi bila ya kubadili maana. Yakikataa kuondoka, tumia lugha ya hatua bila ya haya.

AHADI YA MWANDISHI

Katika fankisheni zote mbili tumeandika neno STABLE. Neno hili ni ahadi ya mwandishi kwa mpanga-njia, na ahadi zenyewe ziko za namna tatu. VOLATILE ni ya fankisheni geugeu: inaweza kubadilisha majedwali, au kutoa jibu tofauti kila inapoitwa. STABLE ni ya fankisheni isiyobadilisha kitu, na ambayo ndani ya swali moja, kwa vigezo vile vile, jibu lake halibadiliki. IMMUTABLE ni ya fankisheni ambayo kwa vigezo vile vile jibu lake ni lile lile daima, kama jumla ya mbili na tatu.

Mwandishi asipotaja lolote, mashine huchukulia kwamba fankisheni ni geugeu. Hapo hata ile ya SQL haitafunguliwa: karatasi iliyokuwa wazi hutiwa ndani ya bahasha kwa sababu ya neno moja lililosahauliwa. Wako watu wanaosoma kwamba SQL ni nyepesi, wakaiandika, wasione nafuu yoyote, kumbe wamelisahau neno hilo.

Lakini ahadi ya uongo ni mbaya kuliko kunyamaza. Tuseme fankisheni husoma jedwali la faini zinazotozwa kwa kila aina ya mnyama anayegongwa, na mwandishi, akitaka wepesi, aiite IMMUTABLE. Mpanga-njia ana haki ya kuikokotoa mara moja na kuliweka jibu. Faini zikibadilishwa, huenda jibu la zamani likaendelea kutolewa. Kosa hapo litakuwa la mwandishi. Mashine imefanya kama ilivyoahidiwa. Kila fankisheni inayosoma jedwali liwezalo kubadilika isipite STABLE.

HATARI YA KUGANDISHA MANENO

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la usalama. Lugha ya hatua humruhusu mwandishi kulijenga swali kama maandishi: achukue kipande cha swali, agandishe jina la mnyama lililoandikwa na mtumiaji, kisha aamuru maandishi hayo yatekelezwe. Katika SQL maneno ya kawaida hufungwa kwa alama moja ya juu mwanzoni na mwishoni. Sasa mtumiaji aandike ng'ombe. Ile alama iliyo katikati ya neno itachukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa neno, na herufi zilizobaki zitasomwa kama amri. Mashine itashindwa.

Kwa ng'ombe, ni kero. Lakini mtu mwenye nia mbaya akiona kwamba maandishi yake yanasomwa kama amri, anaweza kuandika amri ya kweli: ya kusoma yasiyomhusu, au ya kufuta jedwali zima. Kinga ni kutogandisha. Thamani zipitishwe kama vigezo, kama tulivyofanya katika mifano yote miwili. Na ikiwa ni lazima swali lijengwe kama maandishi, thamani zipitishwe kwa neno USING, ili zisichanganyike kamwe na maneno ya amri.

HITIMISHO

Fankisheni haiwezi kuponya data mbovu. Mnyama mdogo aliyerushwa kichakani na gari, au aliyechukuliwa na fisi kabla ya alfajiri, hatakuwamo katika jedwali la tukio hata swali liandikwe kwa ustadi gani. Lakini pale ambapo watu wamejitahidi kuandika, ni wajibu wa anayeuliza kutowapotezea jasho lao. Swali la mahali pa kuweka matuta ya barabarani, na swali la saa ya kuwaamsha watu wa bondeni, yote hujibiwa kwa mistari itakayoletwa na fankisheni. Ni lazima mistari hiyo iwe yote, iwe ya kweli, na ifike kwa wakati.

Kwa ufupi: taja wazi umbo la majibu, andika swali moja kwa SQL kila inapowezekana, tumia hatua pale tu jibu linapobeba hali ya nyuma, au linapohitaji uamuzi kabla ya kuuliza, toa ahadi ya kweli, wala usigandishe maneno ya mtumiaji kwenye amri.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Yaandike maswali haya kwa sentensi moja moja, kisha useme lipi ni la SQL na lipi huenda likahitaji hatua: (a) idadi ya wanyama waliogongwa katika kila kilometa ya barabara, (b) siku ambazo mvua ilinyesha kwa siku tatu au zaidi mfululizo, (c) kina kikubwa kuliko vyote katika kila mwezi.

2. Fankisheni hali_ya_mto imeitwa kuanzia saa ambayo kina kilikuwa kati ya alama mbili, na tahadhari ilikuwa imewashwa tangu jana yake. Je, itatoa jibu gani kwa saa hiyo? Ungeongeza kigezo gani ili kuirekebisha?

3. Shule yako ikiwa na kipimamvua, buni jedwali la vipimo vyake. Kisha andika fankisheni iletayo jumla ya mvua kwa kila mwezi kati ya tarehe mbili.